Vigelegele Tukiwa na Mpira

Watu wakiniona leo, na tumbo hili na magoti yanayolalamika kila nikipanda ngazi, huniuliza kama niliwahi kucheza mpira. Nikisema ndiyo, ule wa Kimarekani, wa chuo, hudhani nilikuwa nakimbia nao kwapani huku umati ukinishangilia. Sikuwahi kuushika. Misimu minne yote mpira ule haukukaa mikononi mwangu, labda nilipouokota chini kumrudishia refa. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya mtu na kumzuia asipite.

Tulikuwa watano mbele, bega kwa bega, ukuta. Nyuma yetu alisimama mrushaji, yule ambaye mchezo wote unamtegemea, na wapinzani nao kazi yao ilikuwa kutupita wamfikie kabla hajarusha. Mimi nilikuwa wa mwisho kushoto. Mrushaji anayetumia mkono wa kulia akijipinda kurusha, upande wa kushoto huwa mgongoni kwake, na kinachokuja kutoka huko hakioni. Mimi ndiye niliyepaswa kukiona kwa niaba yake.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, upande wa Maryland, mwendo mfupi kutoka Greenbelt. Uwanja wake ulikuwa na mabenchi ya bati yaliyosogea karibu na mstari kiasi kwamba ungesikia mtu akimenya njugu. Hii ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Mama alikuwa akitunza wazee katika nyumba moja Oxon Hill, na Jumamosi hakuwa akipata nafasi, kwa hiyo nilikuwa nimefika mwaka wa mwisho bila yeye kuniona uwanjani hata mara moja. Alichojua ni kwamba nilirudi nyumbani na vidole vimevimba. "Na hawa watu watakupa mpira lini?" aliniuliza kila Jumapili akinipakulia githeri. Nilimweleza. Alisikiliza kwa makini sana, na Jumapili iliyofuata akauliza tena.

Mrushaji wetu alikuwa rafiki yangu. Tulilala chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza, na nilijua anavyokoroma na anavyoficha biskuti. Alikuwa Mmarekani mweusi, mtoto wa pekee wa mwalimu wa shule huko Fairfax, na mama yake huyo alikuwa na jambo lililonishangaza siku ya kwanza nilipokutana naye: alizungumza Kiswahili. Alijifunza chuoni ujana wake, enzi ambazo wengi wa rika lake walikitafuta, na hakukiachilia. Kilikuwa Kiswahili cha vitabu, kimenyooka, polepole, kila neno limekaa mahali pake. Ukimjibu "poa" alikuwa anasubiri, anakutazama juu ya miwani, mpaka useme "sijambo, mama." Mimi niliyezaliwa Nyahururu na kukulia nusu huku nilijiona kama nimevaa shati lisilopigwa pasi.

Msimu ule, mwanzoni kabisa, mwanawe alivunjika mfupa wa bega, ule unaopita mbele kuelekea shingoni. Hakuvunjikia upande wangu, na nilishukuru kwa hilo, nikaona haya kwa kushukuru. Alirudi majani yalipoanza kuanguka. Madaktari walikuwa wamesema wazi: ukivunjika tena palepale, kurusha basi. Alhamisi moja mama yake alikuja mazoezini, akasimama kando ya uzio na koti lake refu, akaniita. Alinishika mkono wangu mchafu kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu," alisema, "mgongo wake nimeukabidhi kwako. Usiniangushe."

Nikasema, "Nimesikia, mama."

Jumamosi ile walikuja watu kutoka Pennsylvania na mvamizi wao, yule ambaye mimi ningepaswa kumzuia. Tulikuwa tumemtazama kwenye mikanda ya video wiki nzima, na kila tulipomtazama chakula kilinishinda. Hakuwa mkubwa kunizidi. Alikuwa mwepesi, na mikono yake ilikuwa mirefu, na alikuwa na tabia mbaya ya kuwa mtu mzuri. Akikuangusha anakuinua. Anakufuta nyasi begani. Anakuambia umefanya vizuri, mkubwa, halafu mpira ukianzishwa tena anakupita tena. Nimewahi kuchukia watu wengi kwa sababu nzuri, lakini huyo nilimchukia kwa upole wake.

Nitaeleza jambo moja hapa, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Mchezo huu huchezwa kwa vipande vifupi, na kila kimoja kikitaka kuanza, ukuta huinama na kutulia kabisa. Hata kidole hakitikisiki, maana ukitangulia kusogea mnaadhibiwa. Mrushaji hupaza sauti akihesabu, na sisi tunajua tangu tulipopanga kwamba mpira utatoka chini kumwendea kwenye neno fulani. Mvamizi hajui. Yeye anautazama mpira tu, na akiuona umetoka ndipo anaanza. Kwa hiyo sisi tunamtangulia kwa kupepesa jicho, na kule kupepesa jicho ndiko riziki yetu yote. Ndiyo maana mashabiki wa nyumbani hukaa kimya timu yao ikiwa na mpira, ili watu wao wasikie hesabu. Wageni wakiupata mpira, ndipo wanapiga kelele za kupasua mawingu. Kila Mmarekani anayajua haya tangu akiwa mtoto. Hakuna aliyefikiria kumwambia mama yangu.

Alikuwa amepata ruhusa kazini, ikawa habari kanisani. Wiki moja kabla, baada ya maombi ya mwisho, alisimama na kutangaza kwamba kijana wake anacheza, na wanawake wa ushirika wakaamua hawezi kwenda peke yake. Wakaja na gari la kanisa, vitenge vimepigwa pasi, chapati zimefungwa kwenye karatasi ya foili, na chupa ya chai iliyopitishwa langoni ndani ya mkoba wa Biblia. Walichelewa, kwa sababu walipotea kwenye barabara ya mzunguko wakatokea Virginia. Walipofika mchezo ulikuwa umeshakolea. Wakapewa nafasi mbele kabisa, watu wakisogea kwa heshima kuwapisha.

Nilikuwa nje wakati huo, nimekaa benchi, maana wageni ndio waliokuwa na mpira. Uwanja mzima ulikuwa unanguruma. Dada yangu mdogo, aliyekuwa amekaa na mama, alinisimulia baadaye kwamba mama aliuliza kwa nini watu hawa wanashangilia maadui. Kisha mpira ukawa wetu. Umati ukatulia. Mimi nikaingia.

Mama akaniona, na akapiga vigelegele.

Nadhani hata aliyekuwa kwenye maegesho ya magari alivisikia. Kwetu mtoto wa kiume hupigiwa vitano, na mama alipiga vitano vilivyonyooka, na wenzake wakapokea. Hawakukoma. Katika akili zao ilikuwa hesabu rahisi: mtoto yuko uwanjani, tunamshangilia, mtoto ametoka, tunapumzika na chai. Nami niliingia uwanjani tulipokuwa na mpira tu. Kwa hiyo kila uwanja uliponyamaza wao walipaza, na kila uliponguruma wao walikaa wakamega chapati.

Sikusikia hesabu. Nilikuwa mwisho kushoto, upande wao, na masikio yangu yalijaa sauti ya mama. Ikabidi nipindishe jicho niangalie mpira, nianze ukianza, sawasawa na mvamizi, na kwa kuanza sawa naye nilikuwa nimekwisha. Mara ya kwanza alinipita nje kama anayepita watu kwenye foleni ya benki. Nilisikia nyuma yangu pumzi ikimtoka rafiki yangu alipogonga chini. Mvamizi akaniinua. Umefanya vizuri, mkubwa.

Mara ya pili nilibahatisha neno nikaondoka mapema. Refa akarusha kitambaa chake cha njano juu, adhabu, turudi nyuma. Wanawake wa kanisa walikiona kitambaa kikipepea, kimerushwa upande wangu, wakakipokea kwa vigelegele vikubwa kuliko vyote. Mmoja alikuwa amesimama anacheza. Wachezaji wenzangu wakageuka kutazama. Kocha, mtu aliyekuwa na mishipa ya shingo hata akiagiza kahawa, aliuliza kwa sauti wale ni watu wa nani.

Nikasema ni wangu. Sikuwa na hali ya kukana, na hata ningekana, kichwa changu na cha mama yangu vimetoka chungu kimoja.

Ilivyoendelea sipendi kukumbuka, lakini mwili unakumbuka wenyewe. Miguu ilianza kunisaliti. Ukipitwa mara kadhaa unaanza kumngojea mtu mahali asipokwenda. Unarudi nyuma sana, anakusukuma kifuani mpaka unamkanyaga mrushaji wako mwenyewe. Nilimshika shati, nikaadhibiwa. Nikamwacha shati, akapita. Nilimwomba Mungu mambo ya ajabu. Niliomba mvua. Niliomba gari la kanisa lipate pancha, nikasahau kwamba limeshafika. Na chini ya maombi yote hayo lilikuwepo moja nililoogopa hata kulitazama: kwamba mtu, yeyote, amnyamazishe mama yangu.

Mimi nisingeweza. Mtu hamkatizi mama yake anapompigia vigelegele. Bibi yangu alikuwa akisema nyumba ambayo vigelegele vimekatwa katikati imejiitia msiba, na ingawa nilikuwa nasoma takwimu na kujiona mtu wa sayansi, nilipoinua mkono kumpungia atulie, mkono wenyewe ulirudi chini. Yeye aliuona, akadhani namsalimu. Akaongeza.

Mapumzikoni rafiki yangu alikaa na barafu begani, macho yamefumba. Nilimwambia nitamtuma mtu akamwambie. Alinijibu bila kufumbua macho kwamba nikithubutu ataniacha nilale korido hadi kuhitimu. Kwamba mama yangu hajawahi kupata siku moja ya kufurahi hivyo, na yeye bega lake linavumilia. Tukapanga jirani yangu wa ukutani anipige kofi la paja mpira ukitoka. Hatukuwa tumelifanyia mazoezi nyumbani, maana nani hufanya mazoezi ya kelele za nyumbani? Kofi likaja limechelewa. Rafiki yangu akapigwa tena, safari hii alipoinuka alilishika bega na kuliachia upesi, ili mama yake asione.

Mama yake aliona. Alikuwa amekaa juu, katikati ya wazazi wengine, na watu wa pale walikuwa wamekwisha kuanza kuwanyamazisha wanawake wa kanisa, kidole mdomoni, sshh, kama wanafukuza kuku. Mama yangu akasema, "Ati tunyamaze? Kwani hapa ni matanga?" Dada yangu, ambaye Kiswahili anakielewa chote na hajawahi kukijibu, alijaribu kueleza: "Mum, it's supposed to be quiet." Mama akamwambia anyamaze yeye.

Hapo ndipo mama wa rafiki yangu aliposhuka zile ngazi za bati, taratibu, na koti lake refu. Akaomba nafasi, akaketi kando ya mama yangu. Dada yangu anasema mama alimwangalia akingoja kugombezwa kwa Kiingereza.

"Shikamoo, dada," alisema yule mwalimu. "Yule anayerusha ni mwanangu. Wako anamlinda mgongo. Tafadhali, wana wetu wakiwa na mpira, sisi tunanyamaza, ili wasikilizane. Wakiwa hawana mpira, tutapiga kelele pamoja, mimi na wewe."

Walionizunguka uwanjani wanaweza kushuhudia kwamba nilijua papo hapo. Nilikuwa nimeinama, mkono kwenye nyasi, na vigelegele vikakatika katikati. Nikageuza macho. Mama alikuwa amekaa, kiganja kimefunika mdomo, macho yametoka kwa woga. Lile ombi langu la siri lilikuwa limejibiwa, na sikuona raha yoyote. Nilihuzunika kama mtu aliyeibiwa.

Lakini nilisikia hesabu. Kila neno. Niliondoka kwa wakati, mguu wa nje kwanza, mikono ndani ya kifua chake, na kwa mara ya kwanza siku ile mvamizi alisimama. Rafiki yangu akarusha. Akarusha tena. Tukaanza kusogea, kidogo kidogo, mpaka ikawa tukivuka mstari wa mwisho mara moja tu tunashinda, na saa inakwisha. Kocha aliacha kupiga kelele, na kwake hilo lilikuwa sala. Katika zile dakika niliamini kabisa. Nilimwona mama, kiganja bado mdomoni, na yule mwalimu amemshika mkono mwingine, nikasema moyoni leo simwangushi mtu.

Uwanja ulikuwa kimya sana. Niliisikia sauti ya rafiki yangu ikihesabu, yenye mkwaruzo kidogo. Niliondoka mapema kumzidi mvamizi, vizuri kuliko mara zote. Alikuja nje kama alivyokuja siku nzima, nikamfuata nje. Halafu akakata ndani. Hakuwa amekata ndani hata mara moja tangu mchana. Alikuwa ameiweka akiba. Mguu wangu ulikuwa hewani, mikono yangu ikashika upepo, nikageuka kwa wakati wa kuona tu. Rafiki yangu alikuwa ameinua mkono kurusha, mgongo wake wazi, anaangalia mbali, ananiamini.

Hakuinuka. Mvamizi mwenyewe aliwaita madaktari, akapiga goti, akavua kofia. Uwanja ulibaki kimya vilevile. Wale wanawake wawili walishuka pamoja mpaka kwenye uzio, mmoja na koti, mwingine na kitenge, na mama yangu alikuwa anasema neno moja tu, pole, pole, pole, na sikujua anamwambia nani.

Mfupa ulikuwa umevunjika palepale.

Tulirudi nyumbani usiku ule bila redio. Mama alikaa mbele, chapati zilizobaki zimewekwa mapajani. Nilimwambia yote: kwamba nilisikia vizuri, kwamba hapakuwa na kelele, kwamba yule mtu alikuwa bora kuliko mimi na alinishinda, basi. Alitazama taa za magari.

"Usinifariji," alisema. "Huyo mtoto alifika hapo amechoka. Mimi ndiye nilimchosha."

Sikuweza kumpinga, kwa sababu kulikuwa na ukweli ndani yake, na hata mimi sijui hadi leo bega lile lilianza kuvunjika saa ngapi. Kila mmoja wetu aliushikilia mzigo huo na kukataa kumpa mwenzake. Tulikuwa wakaidi wote wawili, na mchana wote wa Jumapili hatukuzungumza. Githeri ilipakuliwa. Hakuuliza nitapewa mpira lini.

Kuanzia siku ile mama hakupiga vigelegele tena. Kanisani walipoombea watoto wachanga, alipiga makofi. Binti wa jirani yake alipoolewa, wanawake wote walipaza sauti na yeye akasimama katikati yao na kiganja mdomoni, kama alivyokaa uwanjani. Watu wakadhani ana kidonda cha koo. Wengine wakamletea tangawizi. Mimi nilimaliza msimu kushoto mwa ukuta, nikimlinda mrushaji mwingine ambaye sikuwa na ubaya naye, na rafiki yangu alikaa benchi mkono umefungwa kifuani, akinipigia hesabu kimyakimya kwa midomo ili nisisahau. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu kidogo.

Mwezi wa tano tulihitimu, uwanja uleule, viti vimepangwa juu ya nyasi zilezile. Majina yalisomwa moja moja. Familia za wengine zilipiga kelele, honi, filimbi, kila aina ya fujo. Rafiki yangu alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Mkono wake wa kulia ulikuwa haupandi tena juu ya bega, kwa hiyo kofia yake nilimvalisha mimi.

Mama zetu walikuwa wamekaa pamoja, walikuwa wakikaa pamoja kila mahali siku hizo. Dada yangu yupo, ndiye shahidi wangu. Anasema jina la rafiki yangu liliposomwa, mama aliinua kiganja kwenda mdomoni kama kawaida yake. Yule mwalimu akakishika kile kiganja, akakishusha, akakiweka mapajani mwake mwenyewe.

"Dada," alimwambia, "leo hawana mpira."

Mama alimpigia mtoto wa mwenzake vitano. Viliruka juu ya viti vyote, vikali, vyenye mkwaruzo kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. Rafiki yangu alikuwa jukwaani, akasimama, akainua mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa bado chini, jina langu halijasomwa, natakiwa nitulie mahali pangu. Mguu wangu wa nje ukaondoka wenyewe, nikajikuta jukwaani kabla ya kuitwa, na msomaji wa majina akanitazama, akaanza kulitafuta jina langu kwenye karatasi. Nilikuwa nalia, na nilikuwa nimesimama nyuma ya rafiki yangu, upande wa kushoto.